Kitereza, Mwanafunzi na Mvua: Kuisoma Upya Riwaya ya Ukerewe

Kuna vitabu vinavyotajwa sana na kusomwa kidogo, na riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, ni mojawapo. Walimu wa fasihi huieleza kwa sentensi mbili: kwamba iliandikwa kwa Kikerewe na kukamilika mwaka 1945, na kwamba ni hazina ya mila za Wakerewe. Sentensi ya kwanza haina ubishi. Ya pili imekidhuru kitabu kuliko uchache wa nakala zake, kwa kuwa msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba anaingia makumbusho hutembea kama watembeavyo watu katika makumbusho: hutazama, husoma kibandiko, hupita.

Nataka kuisoma kwa namna nyingine, kama kazi ya mtafiti aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa alichokitafiti, na kuiweka kando ya kazi ya mwanafunzi wa kigeni aliyefika katika kisiwa hichohicho mwishoni mwa miaka ya 1960. Sababu ya kufanya hivyo sasa ni kwamba visiwa vya Ziwa Victoria vimegeuka uwanja wa utafiti wa mabadiliko ya tabianchi. Wanafunzi huvuka maji na madodoso mikononi kwenda kuwauliza wavuvi kama mvua imezidi au imepungua. Sisi wa Unguja na Pemba tunaijua sura hiyo, maana kwetu nako huja, muhula baada ya muhula, kuhesabu matumbawe na kuwauliza wakulima wa mpunga lini maji ya chumvi yaliingia mabondeni. Huja kwa adabu na huondoka kwa shukrani. Swali langu ni la msomaji wa fasihi: kisiwa kilichokwisha kujiandika, mtafiti akifika, huanza na nini?

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Ni mwaka huohuo vilipoanza vipimo vya kudumu vya kina cha ziwa, kwa kijiti kilichosimikwa upande wa Uganda. Sadfa tu, lakini ni sadfa yenye faida kwa mhakiki: kumbukumbu mbili za ziwa moja, ya tarakimu na ya maneno, zina umri mmoja. Ya tarakimu ilitunzwa na serikali moja baada ya nyingine. Ya maneno ilikaa kwenye karatasi nyumbani kwa mzee mmoja, ikikosa mchapishaji kwa miaka 35.

Aliyelelewa karibu na ikulu ya omukama wa Ukerewe na kusomeshwa na Mapadre Weupe, Kitereza alipelekwa akiwa kijana kwenye seminari ya Rubya, upande wa pili wa ziwa, katika nchi ya Ihangiro ambayo leo ni wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Huko ndiko alikojifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Wanaoandika wasifu wake huipita Rubya haraka, kana kwamba ni bweni tu. Mimi naona hapo pana jambo. Kwa masimulizi ya Wakerewe wenyewe, ukoo wa watawala wao, Abasilanga, ulitoka Ihangiro na kuvuka ziwa kwa mitumbwi. Kikerewe na Kihaya ni ndugu wa karibu. Kijana yule, basi, alipokwenda Rubya alikuwa akirudi mahali ambapo hadithi ya kwao inaanzia, akakuta lugha anayoielewa nusu, migomba anayoijua, na mvua asiyoijua.

Mvua ya huko inahitaji maelezo kwa msomaji wa pwani. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Musoma iliyo ng'ambo ya mashariki ya ziwa hilohilo. Pepo za kusini-mashariki huchukua unyevu wa ziwa na kuumwaga ukingo wa magharibi, na mara nyingi radi hupiga usiku wa manane au alfajiri, wakati ambao bara kwingine kumetulia. Ukiuacha ukingo na kwenda magharibi, kupita vijiji vya Izimbya na vibanja vyake vya migomba iliyochanganywa na kahawa, kisha nyika zile ambazo Wahaya huziita rweya, mvua hupungua kadiri unavyoendelea, hata ukifika Karagwe imekuwa nusu ya ile ya Bukoba au chini ya hapo. Mtu wa Izimbya na mtu wa kisiwa cha Bumbire wamo katika mkoa mmoja, na pengine katika safu moja ya jedwali la mwanafunzi, lakini wakisema neno “mvua” hawasemi kitu kimoja. Ukerewe, iliyoko kusini-mashariki, ina ya kwake. Mtu aliyekaa Rubya na kurudi Ukerewe alikuwa amejifunza, bila kufundishwa darasani, kwamba hewa ya mahali ni jambo la kuelezwa kwa makini, kwa kuwa hailingani na ya jirani.

Tuje kwa mwanafunzi. Gerald Hartwig, Mmarekani, alifika Ukerewe pamoja na mkewe Charlotte kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Indiana. Swali lake lilikuwa la karne ya 19: biashara ya masafa marefu, pembe za ndovu, watawala, na yaliyowapata Wakerewe kutokana na hayo. Tasnifu ilikamilika mwaka 1971, na kitabu kilichotokana na utafiti huo kikatoka mwaka 1976 kwa jina lenye maana ya “sanaa ya kunusurika”. Kitereza alikuwa miongoni mwa wazee waliomsaidia. Katika maandishi ya aina hiyo mzee wa namna ile huitwa mtoa habari, neno linalomfanya mtu afanane na bomba.

Lakini akina Hartwig walifanya jambo ambalo wanafunzi wengi hawalifanyi. Walipogundua kwamba mzee huyu alikuwa na mswada mkubwa wa riwaya uliokataliwa kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache, walimhimiza autafsiri kwa Kiswahili, wakauhangaikia mswada huo, na mwaka 1972 wakachapisha makala kumtambulisha Kitereza kwa jina linalomstahili: mwandishi wa riwaya. Kitabu kilitoka kwa tarehe ya 1980, chini ya Tanzania Publishing House. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Baadaye Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani kwa juzuu mbili, 1991 na 1993, na Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, alikifasiri kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe, tafsiri iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2002.

Sasa viweke vitabu viwili pamoja, cha mwanafunzi na cha mzee. Vyote vinahusu kisiwa kimoja na, kwa kiasi kikubwa, karne moja. Cha mwanafunzi kinatazama mlango: nani aliingia, alileta nini, maradhi gani yalifuata njia za biashara, shutuma za uchawi zilizidi lini. Cha mzee kinatazama uani. Wazungu hawamo. Biashara kubwa haimo, au imo kwa mbali kama sauti ya ngoma ya kijiji kingine. Kilichomo ni mume na mke wasiojaliwa mtoto, wazazi wa mke wanaomchukua binti yao kwa sababu ya matusi anayotukanwa na jamaa wa mumewe, na mume ambaye, badala ya kuoa mwingine, anakwenda ukweni kumwomba mke wake arudi. Tusisahau kwamba Kitereza na mkewe Anna nao hawakubaki na mtoto hai. Jina la mwana wa riwayani, Ntulanalwo, linataja kifo kisichomwacha mtu. Jina la dada yake, Bulihwali, linauliza huzuni itakoma lini. Anayesema kwamba hiki ni kitabu cha mila hajawaza juu ya majina hayo mawili.

Wakwe wanamtoza Myombekere faini ya pombe ya ndizi. Hapa ndipo wasomaji wengi huchoka, na hapa ndipo mimi nasema riwaya inapoanza kufanya kazi yake halisi. Pombe ya ndizi haipatikani dukani. Ndizi za kufaa lazima ziwepo kwa wingi wa kutosha na zikomae pamoja. Zivundikwe mpaka ziive. Zikamuliwe kwa nyasi. Juisi ichanganywe na nafaka iliyokaangwa na kusagwa. Ichachuke kwa siku zake. Kila hatua inangoja kitu ambacho mtu hakiamrishi. Mgomba unangoja mvua, uvundikaji unangoja joto, nyasi zinangoja msimu, wakamuaji wanangoja wamalize mashamba yao. Myombekere hawezi kuharakisha mapenzi yake kuliko migomba inavyomruhusu. Mwandishi wa kawaida angeandika “baada ya muda akapeleka pombe”. Kitereza anatuketisha tungoje pamoja na mume, na katika kungoja huko tunaelewa kwamba faini ile haikupimwa kwa thamani ya pombe. Imepimwa kwa wakati, na wakati wenyewe unatolewa na hali ya hewa ya kisiwa.

Hiyo ndiyo saa ya riwaya nzima. Haina tarehe wala mwaka. Matukio yamefungwa kwenye kazi za shamba na za majini, na kazi zimefungwa kwenye mvua na jua. Mtafsiri wa Kijerumani, au pengine mchapishaji wake, aliipa juzuu ya kwanza jina linalowataja watoto wa watengeneza mvua. Jina hilo lina harufu ya kuuzia vitabu watu wanaopenda Afrika ya mbali, nami sikulipenda nilipolisikia mara ya kwanza. Hata hivyo limegusa mfupa.

Maana Ukerewe mvua ilikuwa siasa. Hili Hartwig analionyesha vizuri, na ni haki kumshukuru kwa hilo: watawala wa kisiwa walidaiwa mvua na raia wao, na aliyeshindwa kuileta, au aliyeshindwa kuizuia ilipozidi, aliweza kukipoteza kiti. Mtu wa leo hucheka. Lakini fikiria maana ya utaratibu huo kwa mwananchi: hali ya hewa ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Ukame haukuwa jambo la “dunia” wala la “hali”. Palikuwa na mlango wa kubisha.

Ulinganisho ufuatao msomaji anaweza kuukataa. Kati ya 2004 na 2006 kina cha Ziwa Victoria kilishuka mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Gati ziliachwa juu, mabomba ya maji yakabaki hewani, mazalia ya samaki yakakauka. Sababu moja ilikuwa ukame. Sababu nyingine ilikuwa Jinja, ambako maji yaliachiliwa kupita mabwawa ya umeme kwa wingi uliozidi utaratibu uliokubaliwa zamani. Wapo wataalamu waliokadiria kwamba karibu nusu ya upungufu ulitokana na hilo. Yaani mvua ilikosekana, na pia palikuwa na mtu wa kuulizwa. Mvuvi wa Goziba aliyemwambia mwanafunzi kwamba “wakubwa wamechukua maji” angeandikwa katika safu ya imani za kienyeji. Mzee wa Kitereza angemwelewa mara moja.

Neno letu lenyewe, tabianchi, lina utamu wake kwa mtu anayependa maneno. Tabia kwa Kiswahili hulelewa, huharibika, hukemewa. Hatusemi tabia imebadilika pasipo kuuliza nani alimwacha mtoto huyu. Madodoso hulitumia neno hili kana kwamba ni jina la mashine. Siyalaumu sana, dodoso ni chombo, na chombo kina mdomo mwembamba. Lakini mtu mwenye mtungi wa maneno akiombwa aumimine kupitia mdomo huo, kinachoingia ni “zimeongezeka”, “zimepungua”, “sijui”. Sayansi haikosi tarakimu za mvua. Vituo vya hali ya hewa vinazo. Kinachotafutwa kisiwani ni kile ambacho vituo havina, nacho ndicho kinachomwagika nje.

Atakuja mtu aseme: riwaya si ushahidi. Ni kweli, na nisingependa kuutwika mswada wa Kitereza mzigo usio wake. Aliandika mwaka 1945 juu ya maisha ya kabla ya kuzaliwa kwake. Ni kumbukumbu ya kumbukumbu, tena ya mtu aliyekuwa na uchungu wa kuona lugha yake ikififia na aliyependa kuyaona ya kale yakiwa mema. Kijiji chake kina utulivu unaotia shaka. Sehemu za taratibu za ndoa na tiba hurefuka mpaka hadithi inasimama kando kungoja zimalizike, na mhariri mkali angekata kurasa nyingi bila dhambi. Hakuna atakayejua kina cha ziwa cha mwaka fulani kwa kumsoma Myombekere.

Lakini hebu tuulize wataalamu wenyewe hufanya nini wanapotaka kujua ziwa lilikuwaje kabla ya 1896. Hugeukia maneno. Hutafuta katika maandishi ya wasafiri na wamisionari wa karne ya 19: nani aliona maji yamefika wapi, nani alikuta kisiwa kimekuwa rasi. Kwa njia hiyo wameweza kusema, kwa mfano, kwamba maji yalikuwa juu sana mwishoni mwa miaka ya 1870. Ni kazi nzuri ya kuunganisha vipande. Ila vipande hivyo viliokotwa kwa nani? Msafiri mkubwa wa ziwa katika muongo huo ni Henry Morton Stanley, aliyelizunguka mwaka 1875. Aprili mwaka huo alitua Bumbire, kisiwa cha Muleba ya leo, akagombana na wenyeji walionyang'anya makasia yake. Agosti alirudi na jeshi na mitumbwi, akasimama mbali na ufuko mahali ambapo mishale haimfikii, akawamiminia risasi watu waliokusanyika ukingoni. Waliuawa wengi. Aliyaandika hayo mwenyewe, na hata Ulaya walikuwapo waliochukizwa.

Silitaji tukio hili ili kumfananisha mwanafunzi wa leo na Stanley. Huo ungekuwa upuuzi. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha mizani ilivyoinama. Neno la aliyepita ziwani kwa miezi michache, na kwa bunduki, limeingia katika historia ya hali ya hewa kwa kuwa liliandikwa na kuchapwa. Neno la waliokaa ukingoni vizazi na vizazi halikuingia, na lilipoandikwa na mmoja wao kwa maelfu ya sentensi tuliliita mila. Huku ndiko kuitwa kwa kisiwa “cha mbali”: mbali na mchapaji. Kwa mwendo wa mitumbwi Ukerewe haikuwa mbali na Ihangiro wala na popote. Ziwa lilikuwa barabara, kama bahari ilivyo kwetu, na ndiyo maana mwanafunzi yule aliweza kuandika kitabu kizima juu ya biashara ya masafa marefu.

Ipo mifano ya utafiti uliosikiliza, na inatoka palepale Kagera. Katika miaka ileile ambayo Hartwig alikuwa Ukerewe, mwanafunzi mwingine wa Kimarekani, Peter Seitel, alikuwa kwa Wahaya akirekodi ngano. Kitabu chake cha 1980 kinazipanga ngano hizo kwa mistari, kama ushairi, ili mapumziko na mkazo wa sauti ya msimuliaji vibaki kwenye ukurasa. Hakuuliza ngano “inasema nini” kabla ya kuuliza inasemwaje. Na yuko Mugyabuso Mulokozi. Wasomaji wa pwani wanamkumbuka kwa ugomvi wa vina na mizani, tangu yeye na Kulikoyela Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, na baadhi yetu bado hatujawasamehe. Wachache wanakumbuka kwamba tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu tendi za enanga za Wahaya, zile zinazoimbwa na mtu mmoja kwa zeze la mbao lenye umbo la sinia. Mwanafunzi huyu alikuwa nyumbani. Kwa hiyo aliweza kufanya kile ambacho mgeni hukifanya kwa shida: kujua wakati gani mwimbaji anasimulia, wakati gani anamkejeli aliyeketi mbele yake, na wakati gani anataja pepo za ziwa kwa kuwa wimbo unataka pepo. Katika dini ya kale ya Wahaya ziwa, pepo na tufani ni milki ya Mugasha, ambaye Waganda humwita Mukasa. Mtu anayemtaja Mugasha anapoulizwa habari za dhoruba hajakataa kujibu swali. Amejibu kwa lugha ambayo anayeuliza hakujiandaa kuisikia.

Naona Kitereza yuko karibu zaidi na hawa wawili kuliko na wataalamu wa mila waliomtangulia, kama Padre Eugène Hurel, aliyechapisha maelezo ya dini na maisha ya nyumbani ya Wakerewe mwaka 1911. Hurel alipanga mambo kwa vichwa vya habari: ndoa, mazishi, mizimu. Kitereza aliyajua maandishi ya aina hiyo, naye angeweza kuandika vivyo hivyo. Elimu ya Rubya ilimtosha kabisa. Akachagua kumweka mtu ndani ya kila jambo. Tiba ya utasa ina mwanamke anayeinywa kwa hofu. Kilimo kina mume anayelima peke yake kwa kuwa mke ameondoka, na jembe linakuwa zito kwa sababu hiyo. Uamuzi huo wa kifani ndio ninaotaka wanafunzi wa hali ya hewa wautazame. Mvua haina maana kisiwani mpaka iwe imemnyeshea mtu fulani aliyekuwa na jambo fulani la kufanya siku hiyo.

Linabaki suala la lugha, ambalo linatuhusu sisi wenye Kiswahili cha bahari. Kitereza alipojitafsiri alilazimika kukivusha kisiwa cha ziwa kwa maneno yaliyozaliwa pwani. Baadhi yalivuka salama: masika na vuli zina wenzao kule, kwa kuwa mvua za ziwa nazo huja mara mbili kwa mwaka. Mengine hayavuki. Kwetu kaskazi na kusi hugawa mwaka nusu kwa nusu. Jahazi lilikwenda na moja na kurudi na nyingine, na washairi wetu wamejenga juu ya mgawanyo huo mapenzi, safari na kungoja. Ziwani upepo hugeuka kila siku: usiku unatoka nchi kavu kwenda majini, mchana unatoka majini kwenda nchi kavu. Mvuvi wa dagaa hutazama zaidi mwezi, kwa kuwa taa yake hufanya kazi usiku wa giza. Mwanafunzi aliyesoma Dar es Salaam au Unguja akiuliza “pepo za msimu zimebadilika?” katika kisiwa cha Kerebe au Ikuza, anauliza swali la bahari. Atajibiwa, maana watu ni wakarimu, na jibu litaingia kwenye jedwali. Kiswahili cha Kitereza, ambacho wakosoaji wetu wa pwani walikiona kizito na chenye harufu ya Kikerewe, ni mahali pamoja adimu ambapo lugha yetu imelazimishwa kusema ziwa. Uzito ule tuliudhania udhaifu wa mtafsiri. Nashauri usomwe tena, safari hii kwa kalamu mkononi, kuorodhesha kila anapohitaji maneno matano kwa jambo ambalo Kiswahili hakina neno lake.

Na wakati hautoshi. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili baada ya mvua zisizo za kawaida, na halikurudi mahali pake pa zamani kwa miaka mingi. Hartwig alifika Ukerewe miaka michache tu baada ya hapo, miguu ya watu ikiwa bado haijazoea ukingo mpya, lakini swali lililompeleka lilikuwa la pembe na wafalme. Mwaka 2020 maji yalifika karibu na alama zilezile za 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena, juu zaidi. Mialo ilizama, vyoo vilifurika, nyumba zilizojengwa ufukoni zikavunjika, na wenye nyumba wakaambiwa na waliokuwa nchi kavu kwamba walijenga mahali pa ziwa. Kama ni mahali pa ziwa au pa watu ni jambo ambalo hutegemea nani anakumbuka ukingo ulikuwa wapi kabla ya 1961. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka huo leo amekaribia au amepita 80. Anaweza kuwa anaishi Bumbire. Anaweza kuwa alihamia nchi kavu na kuzeekea kwenye kibanja cha jamaa zake huko Izimbya, ambako hakuna mwanafunzi wa ziwa atakayemtafuta. Wa kumwendea angemuuliza shamba la baba yake lilipakana na mti gani, nani alilala kwa nani usiku maji yalipoingia, na harusi ya nani iliahirishwa.